Mche Safi wa Ndizi Unatoka Wapi?

(Mazungumzo kwa vikundi vya Kisii na Nyamira)



Huku kwetu karibu kila boma lina migomba. Tumezoea kuomba machipukizi kwa jirani na kuyapanda. Lakini pamoja na chipukizi tunabeba fukusi, minyoo wa mizizi na ugonjwa wa Panama. Kisha migomba inanyauka, tunabaki kuulizana tulikosea wapi.

Iko njia nyingine. Ili tuielewe, tuanze na mwili wetu. Umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Nyingi zina kazi moja tu: ya ngozi ni ya ngozi, ya msuli ni ya msuli. Lakini ziko ambazo bado hazijapewa kazi ya mwisho. Hizo ni seli shina. Zinagawanyika, nyingine zinabaki vile vile, nyingine zinageuka kuwa seli za kazi. Za mimba changa zaweza kuwa kiungo chochote. Za uboho, ndani ya mifupa, hutengeneza damu maisha yetu yote.

Mgomba nao unazo. Menya chipukizi ganda baada ya ganda: katikati kabisa kuna ncha ndogo nyeupe. Majani na mkungu huanzia hapo. Wataalamu huikata ncha hiyo, huisafisha na kuiweka katika chupa yenye sukari, madini na vichocheo. Huzaa miche mingi. Mradi wa kuipeleka kwa wakulima wadogo wa Kenya ulianza 1997 chini ya KARI, ambayo leo ni KALRO.

Sasa tusikilizane vizuri. Mche huu ni msafi, lakini haujachanjwa! Ukiupanda penye Panama utaugua, hasa sukari ndizi na Kampala, maana ugonjwa huo hukaa udongoni miaka mingi. Kwa hivyo, kabla kikundi hakijatoa pesa:

1. Tuchague shamba ambalo migomba haijawahi kunyauka.
2. Tununue kwa kitalu kinachojulikana.
3. Tuchimbe mashimo mapema, tuweke samadi iliyooza, na maji yawe karibu.
4. Tuchome panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mnyauko wa bakteria, uliofika magharibi mwa Kenya 2006, huenezwa na panga chafu.

Pesa ya kikundi ni jasho la watu. Mkutano ujao tuulizane kwanza: shamba letu ni safi kama mche?