Pumzi ya Kuimbia



Tulipoombwa tuseme neno katika yubile hii ya miaka 25, wengi walitarajia historia ya kwaya. Historia imo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tuna neno kuhusu mapafu, na tunalisema kwa sababu tulikosea.

Kijana wetu mmoja wa sauti ya tatu (ametupa ruhusa tuseme) alianza kukohoa tukijiandaa kwa mashindano. Tulimpa tangawizi na asali. Tulimwambia apumzishe koo. Tulimwombea pia, na hilo hatulijutii. Lakini hakuna aliyemwambia aende hospitali. Wiki mbili zikapita, ikawa miezi miwili, amekonda na usiku shati linalowa jasho. Alipopimwa makohozi, kumbe ni kifua kikuu. Alimeza dawa miezi sita, bila malipo katika hospitali ya serikali, akapona. Ila alipopuliza kwenye kipimo cha pumzi, haikuwa imerudi yote. Kifua kikuu kinaweza kuacha kovu ndani ya pafu, na kovu halipanuki.

Alikuwa na miaka 22. Nguvu ya mapafu hufika kilele kati ya miaka 20 na 25 hivi, kisha huanza kushuka polepole hata kwa mtu mzima wa afya. Kijana akipunguza sasa, anakula akiba ya uzee wake. Ndiyo maana tunamsihi mwenye pumu asifiche inhela kana kwamba ni aibu. Na ninyi mnaovuta shisha mkidhani maji yanaichuja, maji yanapoza moshi tu, sumu inapita. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2017, na bado makoti fulani yananukia siku ya mazoezi. Wazazi, mtusamehe, tumesema.

Kosa la pili ni madirisha. Baridi ya Julai ikija tulifunga yote, tukawasha jiko la makaa humo humo, watu 40 tukiimba kwa nguvu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayeimba hurusha matone mengi kuliko anayeongea. Ilibidi sote tupimwe. Mwenzetu mmoja wa sauti ya pili alikutwa nao ungali mchanga, akaanza dawa mapema, na leo pumzi yake ni nzima.

Siku hizi tunafanya mazoezi madirisha wazi, mtatukuta tumevaa kofia za sufu. Mwimbaji akikohoa wiki mbili, kiongozi wa sauti yake anamsindikiza kliniki.

Kijana wetu yumo katika wimbo wa nne leo. Ule mstari mrefu wa mwisho hawezi tena kuumaliza kwa pumzi moja, kwa hivyo mwalimu ameweka alama katikati, na sauti ya tatu yote inapumua hapo pamoja naye.