Kubadili Fedha kwa Safari ya Kuvuka Namanga



Wapo miongoni mwenu wanaovuka Namanga kwenda Kenya kwa biashara, matibabu au kuwaona jamaa. Leo tunazungumzia dakika chache tu za safari hiyo, pale shilingi yetu inapogeuzwa kuwa ya Kenya.

Kabla ya kuondoka Karatu, ulizeni benki kiwango cha siku hiyo. Viwango ni viwili, cha kununua na cha kuuza, na tofauti yake ndiyo faida ya mbadilishaji. Pigeni hesabu wenyewe, mwandike kwenye karatasi kiasi mnachotarajia kupokea. Anayewavizia mlangoni mwa basi, akihesabu noti kwa kasi inayoshinda macho, hatoi risiti. Akishatoweka, hata sisi hatuna pa kuanzia kuwasaidia. Badilisheni benki au katika duka la fedha lenye leseni, mhesabu mkiwa bado dirishani, na risiti muitunze hadi mrudi.

Itazameni kwa makini noti ya shilingi 1,000 ya Kenya. Ile ya zamani, yenye sura ya rais, ilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Mkipewa hiyo, mmepewa karatasi. Mpya ina picha ya jengo la KICC la Nairobi. Za zamani za shilingi 50, 100, 200 na 500 hazikufutwa, basi msizikatae bure.

Sarafu zitumieni hukohuko. Kwa kawaida wabadilishaji hupokea noti tu.