Kijana Peke Yake katika Teksi ya Mtandao

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia nyinyi na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika hawa watoto aliotukabidhi.

Tangu mwaka 2015 mjini Nairobi, na 2016 hapa Mombasa, mtu hubonyeza simu na gari la Uber likamjia mlangoni. Na kampuni nyingine zikafuatia. Desturi hiyo sasa imeingia katika safari ya skuli. Baba yuko kazini, mama ana mtoto mchanga, matatu za asubuhi zimejaa hadi mlangoni. Basi huitwa gari kwa simu ya mzazi, na binti wa miaka 14 akapakiwa peke yake na mtu ambaye nyumba nzima haimjui ila kwa jina na picha. Wazazi wanauliza: je, jambo hili lafaa?

Kabla ya kujibu, natuizingatie Surat Yusuf. Nabii Yaakub (A.S.) aliombwa mara mbili awatoe wanawe. Mara ya kwanza aliombwa Yusuf aende kucheza na nduguze. Moyo wake ulisita, akataja khofu yake ya mbwa mwitu, kisha akamwachia. Qur'ani haikutaja kwamba aliwataka ahadi yoyote. Tena tazameni: mbwa mwitu hakuwa na kosa. Madhara yalitoka kwa hao hao waliomchukua, nao walikuwa watoto wa baba mmoja, si wageni. Ilipofika zamu ya Binyamini, mzee yule alikataa kumtoa mpaka wampe ahadi kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba watamrejesha, ila wakizingirwa wote. Kisha akawaamuru wasiingie mjini kwa mlango mmoja. Na pamoja na yote hayo akasema kwamba tegemeo lake ni kwa Mola wake. Hiyo ndiyo tawakkul ya Mitume: ahadi ipo na tahadhari ipo.

Katika jambo letu, ahadi ni yale masharti ambayo mzazi huyakubali anapofungua akaunti, na wengi hawayasomi. Masharti ya kawaida ya Uber ni kwamba mwenye akaunti awe ametimia miaka 18, na aliye chini ya umri huo asisafiri peke yake, ila pale kampuni ilipofungua akaunti maalumu ya vijana. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao. Mzazi anayemwambia mwanawe aongopee umri wake amevunja ahadi, na amemsomesha uongo kabla ya kengele ya somo la kwanza. Dereva akikataa kumpakia mtoto huyo, ana haki, asitukanwe.

Mwaka 2023, huko Marekani na Kanada, kampuni hiyo ilifungua akaunti za vijana wa miaka 13 hadi 17. Mzazi ndiye huifungua, huiona safari katika ramani ya simu yake, na kijana humtajia dereva namba ya siri kabla ya gari kuondoka. Mpango wa namna hii una msingi. Mama yake Musa (A.S.) alipomtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake, alimtuma dada mtu amfuatie, naye akamtazama kwa mbali.

Lakini ramani yataka mtu wa kuitazama. Na upo mlango ambao wazazi wengi hawaujui: dereva humtaka abiria aivunje safari katika simu, wapate kulipana taslimu bila ya kampuni kukata sehemu yake. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha makato hayo kuwa asilimia 18, nayo si haba kwa mtu mwenye gari la mkopo. Twaielewa dhiki yake. Walakini safari ikivunjwa, ramani huzimika, na mtoto yumo garini bila ya shahidi. Kijana afundishwe kujibu kwa adabu: “Ami, safari hii ni ya baba, mpigie yeye.” Na akija dereva asiyefanana na picha, au gari la namba nyingine, asipande hata kama siku hiyo ana mtihani.

Ama binti, ipo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas inayokataza faragha ya mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake. Wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana kama gari lipitalo barabarani mchana ni faragha. Mimi naelekea upande wa tahadhari: apande na nduguye, au na wenziwe wawili watatu wa mtaa mmoja, wazazi wakachangiana nauli. Wala mvulana msimpuuze. Naye ni amana, na aibu huweza kumfunga kinywa kuliko dada yake.

Asiyepata akaunti ya vijana, basi asimtume kijana peke yake. Na atafute dereva ajulikanaye mtaani, ajue kwake na jamaa zake, wapatane mbele ya mashahidi. Hata hapo awakumbuke nduguze Yusuf, amwulize mtoto kila jioni safari ilikuwaje. Mtoto akisema, “Yule simtaki,” mzazi asianze kumdai ushahidi. Kesho yake ambadilishie gari, kisha akae amsikilize.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu na kwenu.