Matumizi ya Vifaa vya TEHAMA Darasani na Mushkili wa Kabati Lililofungwa

Mada kwa walimu wakuu, walimu wa taaluma na watunza vifaa wa shule za Wilaya ya Buhigwe



1. Utangulizi

Waandaaji wa semina hii wamenitaka niseme juu ya matumizi bora ya vifaa vya TEHAMA darasani, na barua ya mwaliko imenielekeza nianze na maana ya istilahi, nipite katika sera, nitoe maelekezo ya vitendo, kisha nimalize kwa mapendekezo. Nitaitii barua hiyo. Walakini, kwa kuwa hadhira hii ni ya watu wa kazi wasio na haja ya kufundishwa wanayoyajua, nitazifupisha sehemu za mwanzo ili nipate wasaa wa kusema juu ya mushkili mmoja ambao umenishughulisha kwa miaka katika shule za Buhigwe na za jirani zetu wa Kasulu na Kibondo, nao ni mushkili wa vifaa vizima, vilivyonunuliwa kwa fedha za umma, kufungiwa kabatini mpaka vikafa bila ya kufundisha mtoto hata mmoja.

2. Maana na sera kwa ufupi

TEHAMA ni Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na katika shule zetu maana yake ni redio, simu, kompyuta, projekta na vishikwambi. Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ilitolewa mwaka 2007. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitolewa toleo jipya mwaka 2023. Na mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tuliyozoea kuyaita MEWAKA, nayo yanamtaka mwalimu ajisomee kwa kutumia maudhui ya Taasisi ya Elimu Tanzania yaliyo mtandaoni. Sera hatuna upungufu nazo.

Wala hatuna ugeni na jambo lenyewe la kufundisha kwa vifaa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kikundi kizima kilitosheka na redio moja, kwa sababu palikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake na saa ya kusikiliza ilijulikana na kila mtu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, redio ilirudi tena kuwa mwalimu, na huku kwetu milimani Radio Kwizera ya Ngara, inayosikika tangu mwaka 1995, imethibitisha kwamba sauti hufika mahali ambapo gari hukwama.

3. Mushkili wenyewe

Mwaka 2022 ulituletea mambo mawili makubwa kwa mkupuo. La kwanza ni kwamba Mkoa wa Kigoma, uliokuwa ukitegemea jenereta za dizeli, ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa. La pili ni kwamba vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, ambavyo wengi wenu mliwahi kuvishika mkiwa makarani wa sensa, vilielekezwa kwa walimu. Umeme ulikuja na vifaa vikaja, na kwa hesabu ya kawaida tungalitarajia matunda.

Naomba niseme nilichokiona katika shule moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa hali yake si yake peke yake. Mwalimu mkuu, mtu wa adabu na bidii, alinifungulia kabati la chuma lenye kufuli mbili. Rafu ya juu ilikuwa na maboksi ya chaki na muhuri wa shule. Ya chini ilikuwa na vishikwambi, kila kimoja ndani ya bahasha ya kaki, na juu ya bahasha pameandikwa kwa kalamu nyekundu namba ya kifaa na neno KISIGUSWE. Nilibonyeza kitufe cha kishikwambi cha kwanza, kikakaa kimya. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa kimeinuka kioo upande mmoja, maana betri ilikuwa imevimba kama andazi. Chaja zote zilikuwapo, zimeviringwa kwa mpira, hazijawahi kuchomekwa. Nilipouliza sababu, mwalimu mkuu alinifungulia leja, akanionyesha mstari mmoja na saini yake mwenyewe chini ya hati ya makabidhiano, akasema kwamba mkaguzi akija humwuliza vifaa viko wapi, na hapana hata mmoja aliyepata kumwuliza vimefundisha nini.

Katika maneno hayo ndimo ulimo ugonjwa wote. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 pamoja na kanuni zake inamtaka mtumishi aliyekabidhiwa mali aitunze na aitolee taarifa ikipotea, na inaruhusu mtumishi aliyesababisha hasara kwa uzembe atozwe fidia. Sheria hiyo ni ya haki, na mimi si mtu wa kuishutumu; wala simlaumu mkaguzi anayetimiza wadhifa wake, wala halmashauri, wala mamlaka iliyo juu yake. Lakini kwa taadhima zote nasema kwamba sheria iliyolenga uzembe imefahamika mashuleni kana kwamba inalenga matumizi, na mwalimu mwenye mshahara mdogo, akipima hasara ya kukatwa fedha dhidi ya faida ambayo hakuna atakayemshukuru kwayo, huchagua kufuli. Jambo hili nimelieleza katika taarifa za robo mwaka, moja baada ya nyingine, na jibu limekuwa kwamba limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Ajabu ni kwamba kufuli hiyo hailindi chochote. Betri ya lithiamu, ambayo ndiyo iliyomo katika simu na vishikwambi vyote, huendelea kupoteza chaji hata kifaa kikizimwa, na ikiachwa tupu kwa miezi mingi huharibika kabisa, pengine huvimba, nayo ikivimba haifai tena kuchajiwa wala kutobolewa, kwa maana huweza kushika moto. Ikihifadhiwa ikiwa na chaji ya nusu, mahali pasipo joto, na ikachajiwa tena kila baada ya miezi miwili au mitatu, huishi miaka. Basi mwalimu mkuu aliyefunga kifaa ili asiulizwe juu ya upotevu wake, amekipoteza hali kimo mikononi mwake, na leja yake, iliyoandikwa vizuri, inasema kwamba kipo.

Tusidhani kwamba dawa ni kugawa vifaa vingi zaidi. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi kwa wingi, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 haukuona kwamba watoto wamezidi katika hisabati wala lugha. Kwa upande mwingine, hapa kwetu mkoani Tanga, katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lililomalizika mwaka 2019, watoto wa vijiji 170, wengi wao wasiojua kusoma, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, navyo vikachajiwa kwa jua katika vituo vilivyojengwa vijijini humo humo. Mambo ni mengi yaliyotofautisha majaribio hayo mawili, lakini mtu wa ghala atazame hili: huko Tanga vifaa viliwekwa mikononi mwa watoto, na mahali pa kuvichajia palipangwa tangu mwanzo. Katika shule zetu, kila kifaa kina mwenye saini, na aghalabu hakuna mwenye kazi ya kukichaji.

Kuna pia suala la fedha, ambalo nitaligusa kwa uangalifu. Ruzuku ya Sh. 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake ni ya vitabu, ni kiwango cha zama za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, zama ambazo shule haikuwa na kifaa cha kununuliwa bando wala kubadilishiwa betri. Mwalimu mkuu anayenunua kebo kwa fedha hizo anaogopa kuhojiwa, na asiyenunua hahojiwi. Hilo nalo ni la kutazamwa na wenye mamlaka.

4. Maelekezo ya darasani

Kifaa kikishatoka kabatini, kazi si ngumu. Darasa lenye watoto themanini halihitaji vishikwambi themanini. Kimoja, kikiwa na spika ndogo, hulisomea hadithi darasa zima, na vinne huendesha vikundi kwa zamu huku wengine wakiandika. Mwalimu aandae somo jana yake, apakue maudhui palipo na mtandao, ayahifadhi katika memori kadi, na awagawie wenzake kwa bluetooth bila ya kugharimia bando. Maana somo linalongoja mnara ukubali ni somo lililokwisha kabla ya kuanza. Masika ikipiga bati, sauti haisikiki, kwa hiyo vipindi vya kusikiliza vipangwe asubuhi au miezi ya kiangazi, na radi zinapoanza, kila chaja ichomolewe ukutani.

Walimu wa Munanila, Manyovu na kandokando ya mpaka wanalijua jambo jingine: simu ikidaka mnara wa Burundi hujirudisha nyuma saa moja, na huweza kula salio la mwenyewe. Saa iwekwe kwa mkono, si kwa kujiseti, na roming izimwe.

La mwisho katika sehemu hii ni anwani na pasiwedi. Kifaa kilichofunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mwalimu, mwalimu huyo akihamishwa kwenda Kakonko au Uvinza bila ya kuiondoa, hukataa kufunguka hata kikirudishwa mipangilio ya kiwandani. Kadhalika pasiwedi za mfumo wa PREM wa kumbukumbu za wanafunzi na mingineyo zisikae katika kichwa cha mtu mmoja. Na picha za watoto, majina yao na alama zao zisitupwe katika makundi ya WhatsApp, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi pia.

5. Mapendekezo

Kwa walimu wakuu:

(a) Kila shule iteue mwalimu mmoja wa kuchaji na kukagua vifaa, kwa barua, na siku ya kuchaji ijulikane, mathalani kila Ijumaa.

(b) Pamoja na leja ya kupokelea, liwepo daftari la matumizi lenye tarehe, darasa, somo, jina la mwalimu, hali ya kifaa kilipotoka na kiliporudi.

(c) Vifaa vya akiba vihifadhiwe vikiwa na chaji ya nusu, na vichajiwe tena kila baada ya miezi miwili.

(d) Kifaa chenye betri iliyovimba kitengwe, kisichajiwe, na kitolewe taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo.

(e) Kila shule iwe na barua pepe yake ya kazi, na pasiwedi zake zifungwe katika bahasha yenye lakiri, zikabidhiwe pamoja na ofisi.

(f) Neno KISIGUSWE lifutwe juu ya bahasha.

Kwa walimu:

(g) Maudhui yapakuliwe kabla ya kipindi.

(h) Kifaa kimoja kwa kikundi kinatosha. Mwalimu asingoje vya darasa zima.

(i) Arudishe kifaa kikiwa na chaji, na aandike kasoro aliyoiona, kwa kuwa kasoro iliyoandikwa si uzembe.

Kwa halmashauri na wakaguzi, kwa heshima:

(j) Utolewe mwongozo mfupi wa maandishi unaotenga uchakavu wa matumizi na upotevu wa uzembe, ili mwalimu ajue ni lipi atakalotozwa na lipi hatatozwa.

(k) Mkaguzi anapohesabu vifaa, aombe pia daftari la matumizi, na kifaa ambacho hakikutumika muhula mzima kiandikwe katika taarifa yake kuwa ni hoja.

(l) Matumizi ya fedha kwa ajili ya kebo, betri na bando yaruhusiwe bayana, kwa kiwango kitakachowekwa.

(m) Vituo vya walimu vya kata viwe na mtandao na umeme wa uhakika, ili shule za mbali zipakue maudhui hapo.

(n) Kama nilivyosema katika (a), awepo mtu wa kuchaji.

6. Hitimisho

Najua kwamba mengi katika mapendekezo haya yamejirudia, na yamejirudia kwa makusudi, kwa sababu yamepata kuandikwa kabla ya leo yakakaa katika mafaili. Yote yakishindikana, naomba yatekelezwe mawili, ambayo hayahitaji kasma wala kibali cha Dodoma: pendekezo (b) na pendekezo (k). Mwalimu akiwa na daftari la matumizi, na mkaguzi akiliomba, swali la vifaa viko wapi litapata mwenziwe, nalo ni swali la vimefundisha nini. Na siku mwalimu mkuu atakapoona kwamba anaweza kuhojiwa kwa kufunga kama anavyohojiwa kwa kupoteza, kabati litafunguliwa bila ya semina nyingine.