Tuione Ramani Kabla ya Tingatinga Kufika

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja kupinga maendeleo. Mwekezaji akitaka kujenga ofisi, maduka na maghala kando ya kinamasi, vijana wanaona kazi, na wana haki kuitafuta. Lakini akina mama wanaoteka maji chini kule nao wauliza: sisi je, tutateka wapi? Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu limo ndani ya ramani ya majengo.

Kinamasi si shamba lililolala bure. Matete na mafunjo hupunguza mbio za maji, tope hubaki hapo, na maji hutoka polepole.

Sasa tupige hesabu. Ekari moja ni kama mita 4,000 za mraba. Ukiifunika yote kwa mabati na lami, mvua ya milimita 50 humwaga hapo lita 200,000 hivi, yaani mitungi 10,000 ya lita 20. Zamani mengi yaliingia udongoni. Sasa yatakwenda wapi?

Kwa hivyo mkiitwa barazani, ombeni ramani iwekwe mezani, halafu muulize:

1. Majengo yatakaa wapi? Yawe juu ya mahali mafuriko makubwa yalifika, wazee wanapajua. Katikati pabaki nyasi na miti ya kienyeji.

2. Maji ya paa je? Yaingie tangini yatumike.

3. Pa kuegesha magari patakuwa lami tupu? Matofali yenye nafasi huacha maji yaingie ardhini. Yanayobaki yapite mtaro wa nyasi na kidimbwi cha kutuliza tope.

4. Maji ya vyoo yatasafishwa wapi? Kinamasi si shimo la choo.

Tusidhani haya ni maneno tu. Agosti 2018, jijini Nairobi, majengo makubwa ya biashara yaliyojengwa kando ya mito yalibomolewa. Kule Kigali, Rwanda, serikali iliviondoa viwanda katika kinamasi cha Gikondo. Mwaka wa 2022 ikafungua bustani ya Nyandungu, mahali ambapo kinamasi kilikuwa kimeharibika. Kwa hivyo kurekebisha kunawezekana, lakini kufuta mstari wa penseli ni rahisi kuliko kuhamisha kiwanda.

Sheria ya mazingira ya 1999 yataka ripoti ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, na wananchi wana nafasi ya kupeleka maoni yao NEMA. Msingoje kuambiwa. Andikeni barua, wanachama watie sahihi, katibu aweke nakala.

Kazi tunaitaka, na maji tunayataka. Mungu alitupa ardhi tuitumie na tuitunze, yote mawili. Basi kila kikundi kikae wiki hii, kiandike maswali yake.

Mungu awabariki.