Barua Usiifungie Karanga

(Maneno aliyoyasema mwalimu mmoja wa kisomo mbele ya wahitimu, Isaka)



Leo sikuja na chaki. Nimekuja na kitabu. Kinaitwa Barua za Shaaban Robert. Kilitolewa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyezipanga barua hizo ni Ndugu M. M. Mulokozi. Ni barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, toka mwaka 1931 hadi 1958. Hesabuni wenyewe. Ni miaka 27.

Shaaban Robert ni nani? Wengi mmelisikia jina lake kwa watoto wanaosoma. Alizaliwa 1909 karibu na Tanga, akafariki 1962. Ndiye aliyeandika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kukaa kivulini na kutunga tu. Alikuwa karani. Kwanza karani wa forodha huko pwani, halafu akahamishiwa Mpwapwa, kwenye idara ya mifugo. (Naona wenye ng'ombe mnacheka.) Mtu wa kuhamishwa-hamishwa hukaa mbali na nduguze, hana budi kuandika.

Mwaka 1931 reli hii inayopita hapa Isaka ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ifike Mwanza. Simu ya mkononi haikuwapo. Neno la mtu wa mbali lilisafiri ndani ya bahasha.

Sasa sikilizeni. Mtu akishaitia barua yake posta, haimo tena mikononi mwake. Kuitunza ni kazi ya aliyeipokea. Kama barua zile zingefungiwa karanga, au zingewashia moto, kitabu hiki kisingekuwapo. Na huyo mdogo mtu naye alikuwa mwandishi, aliandika hadithi za Nguzo ya Maji. Alijua karatasi ni kitu gani.

Mtasema, hao ni watu wakubwa, sisi barua zetu ni za salamu na mbegu za pamba. Basi niwape habari ya shangazi yangu.

Mumewe alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Akaleta barua moja. Shangazi hakujua kusoma, akamwita kijana wa jirani amsomee. Kijana akasoma: sijambo, wasalimie, nitakuja baada ya mavuno. Basi. Mume hakurudi, alifia huko. Shangazi akaiweka ile barua ndani ya kopo la bati, kwa mapenzi tu. Ikakaa humo miaka mingi.

Alipomaliza kisomo akaifungua. Akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akakuta mstari ambao hakupata kuusikia: "Mtamba mwekundu niliyemwacha kwa rafiki yangu ni wa binti yetu." Rafiki mwenyewe alikuwa baba yake yule kijana!

Shangazi hakupiga kelele. Alikwenda nayo barazani, akaisoma mbele ya wazee kwa sauti yake mwenyewe. Yule mtamba alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini uzao wake ulikuwapo zizini. Alipewa wawili. Ubishi wa wale wengine haujaisha mpaka leo.

Basi, barua iwekwe wapi? Si darini, moshi huifanya nyeusi. Si ardhini, mchwa wapo. Kopo la bati lenye kifuniko linafaa, likae pakavu. Bahasha usiitupe, maana muhuri wa posta unaonyesha tarehe. Kama mwandishi hakuandika mwaka, andika wewe kwa penseli pembeni.

Na wale mnaoandikiana kwa simu, nawajua. Simu ikiibwa, au ikitumbukia kisimani, maneno yamekwenda. Neno la shamba, la mahari au la deni, linakili kwenye daftari, na tarehe yake.

Kuna wengine hapa wana barua za zamani walizosomewa na watu. Jumatano njooni nazo darasani. Mtazisoma wenyewe, na mimi nitakaa nje.