Wale Wasioonekana Kanisani

Leo twataka kunena nanyi kidogo juu ya jambo linalozungumzwa sana barazani, walakini si mara nyingi hufikiriwa kwa utaratibu: kwa nini Mkristo huenda kanisani, kwa nini huacha kwenda, na ni kitu gani kimrudishacho. Hatuneni kama mapadre, maana sisi si mapadre. Twanena kama walimu wa chuo cha ualimu, watu ambao kazi yao ya kila asubuhi ni kufungua daftari la mahudhurio na kutazama ni nani aliyepo na ni nani asiyekuwapo.

Yaliyotutia fikira hizi yalitupata Kilindoni, katika kisiwa cha Mafia. Mji huo uko upande wa magharibi wa kisiwa, umeelekea mkondo wa bahari unaokitenga na midomo ya mto Rufiji. Mwaka 1913 Wadachi walihamisha makao ya serikali kutoka kisiwa kidogo cha Chole wakayaleta Kilindoni, na hata leo ofisi za wilaya ziko huko. Wenyeji karibu wote ni Waislamu. Wakristo aghalabu ni wageni: askari polisi, muuguzi, karani, mwalimu, na watu waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Jumapili katika mji huo haina nguvu ya kumsukuma mtu. Soko li wazi, wavuvi wanashusha samaki, na Mkristo akiketi barazani kwake asubuhi nzima hakuna wa kumnyoshea kidole. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuuliza swali letu, maana pale desturi isipomsukuma mtu ndipo unapoweza kuona kwa yakini kimsukumacho.

Kwanza, watu huenda kwa nini? Na tutazame mwanzo wa kanisa la Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokuwa wametolewa utumwani, akawachukua bara upande wa kusini, nia yao kuyakaribia makwao kuelekea ziwa la Nyasa. Walipofika Masasi wakaiona nchi kuwa njema, wakakaa. Watu hao walikuwa wa makabila mbalimbali, na wengine walikamatwa wangali wadogo. Hapo Masasi hawakuwa na mjomba wa kuwapatanisha, wala shangazi wa kuwafunda binti zao, wala kaburi la babu la kulifagia. Basi kanisa likawa ndio ukoo wao. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, wakakishambulia kijiji kile. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na waliosalia wakatawanyika. Hata hivyo kanisa halikufa. Tena, katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914, Wadachi waliwafunga wamisionari Waingereza, na pamoja nao mapadre na walimu Waafrika kadha wa kadha. Lakini mahali pengi sala ziliendelea, zikiongozwa na walimu waliosalia vijijini.

Mambo hayo yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba watu hawa hawakwenda kwa ajili ya Mzungu, maana hakuwapo. Wala kwa ajili ya jengo zuri, maana lilikuwa limevunjwa. Walikwenda kumwabudu Mungu, nao walikwenda mahali ambapo kila mmoja alijulikana kwa jina lake, na asipoonekana pengo lake likaonekana.

Sasa tugeukie upande wa pili: watu huacha kwa nini? Wako wanaoacha kwa sababu hawaamini tena, na mtu wa namna hiyo yafaa asikilizwe kwa heshima. Lakini kwa kadiri tulivyoona sisi, hao si wengi. Wengi huondoka na imani yao mkononi.

Mfano mkubwa ni ule wa nchi ya Wagikuyu, Kenya, mwaka 1929. Misheni kadha wa kadha ziliwakataza Wakristo wao desturi ya kuwakeketa wasichana. Madhara ya desturi ile yalikuwa ya kweli, na madaktari wa misheni waliyaona kwa macho yao wanawake walipokuja kujifungua. Wala hatusemi ya kuwa ilifaa wanyamaze. Lakini watu walitakiwa watie sahihi au alama ya kidole katika karatasi, na asiyetia atolewe. Wagikuyu wakakiita kitendo hicho kirore, yaani alama ya kidole. Tena wakati ule ardhi yao nyingi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi, na mtu aliyekwisha kunyang'anywa shamba huiogopa kila karatasi ya kutiwa kidole. Kwa muda mfupi makanisa mengine yakabaki karibu matupu, na shule vivyo hivyo. Je, waliotoka walimkana Mungu? Hasha. Walijenga shule zao wenyewe, wakaanzisha makanisa yao wenyewe, wakaendelea kuisoma Biblia ile ile.

Hilo ni jambo kubwa la taifa zima. Lakini yako na madogo, ambayo hayaandikwi katika vitabu, nayo huwatoa watu wengi zaidi. Mmoja hana nguo ya kuvaa. Wa pili ana deni kwa mzee wa kanisa. Wa tatu ndoa yake imeharibika na hajui atakaa ubao gani. Wa nne amefiwa, na wenziwe hawakufika matangani.

Yafaa tukiri ya kwetu, maana si vema kuyanena ya wengine tu. Mwaka mmoja mama yetu mzazi aliugua muda mrefu, na kila fedha tuliyopata ilikwenda katika dawa na nauli. Jumapili moja, katika kanisa tulilosali, yakasomwa mbele ya watu wote majina ya wale waliokuwa nyuma katika ahadi zao za sadaka, na jina letu likasomwa. Tukatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Hatukugombana na mtu. Tulikaa nyumbani Jumapili ile iliyofuata, na ya pili, na ya tatu. Jumapili ya kwanza twalikuwa na hasira. Ya pili twalikuwa na haya. Ya tatu twalikuwa tumezoea. Katika muda huo mama akafariki, tukamzika kijijini kwetu, mbali, bila mtu mmoja wa kanisa lile kujua. Miezi kumi na mmoja ikapita.

Ndipo tulipopelekwa Kilindoni kuwasimamia wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha. Jirani yetu huko alikuwa mzee mmoja Mwislamu, fundi wa kuunda majahazi. Kila asubuhi twalimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akiitikia, "Marahaba, mwalimu," akaendelea na kazi yake. Jumapili ya tatu akaweka chini randa yake, akatuuliza, "Mwalimu, hujambo kweli? Naona wenzio wanapita kwenda kusali, nawe sijakuona hata mara moja. U mgonjwa?" Tukamjibu, "Si mgonjwa, mzee, ni uchovu tu." Akatutazama kitambo, akasema, "Sisi mtu asipoonekana msikitini siku mbili tatu, twakwenda kumtazama. Je, wewe huna wa kuja kukutazama?"

Wasikilizaji wetu, swali hilo lilituchoma. Kwa miezi kumi na mmoja twalikuwa tukilingojea kwa wenzetu, nalo likaja kwa mtu wa dini nyingine, ambaye hakuwa na faida yo yote katika kwenda kwetu. Jumapili iliyofuata tukaenda. Ibada ilikuwa katika chumba kidogo, watu hawakupita ishirini. Msomaji wao alikuwa amesafiri, na bahari ilikuwa imechafuka kwa kusi, hata haikujulikana atarudi lini. Mama mmoja akatugeukia akasema, "Mwalimu, wewe unajua kusoma, tusomee." Tukasoma. Walipotoka, wakauliza jina letu na kwetu ni wapi, na kama tuna wazazi. Tukawaambia habari ya mama. Nao, watu wasiopata kumwona wala kusikia jina lake, wakasimama pale mlangoni wakamwombea. Tangu siku ile hatukukosa Jumapili hata moja mpaka siku ya kupanda chombo.

Hapo twafikia swali la tatu: ni kitu gani kimrudishacho mtu? Masasi walipata kujibu swali hili kwa njia yao. Huko vijana wengi wa Kikristo walipatikana katika mashaka, maana bila kuingia jandoni kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, na jando la mababu lilikuwa na mambo ambayo kanisa halikuyakubali. Kijana alitakiwa achague kati ya kuwa Mkristo na kuwa mwanamume. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, pamoja na mapadre Waafrika wa huko waliomfahamisha maana ya desturi hizo, hawakuwafungia vijana mlango. Wakafanya jando la Kikristo: vijana wakawekwa porini kama ilivyo ada, padre akakaa nao, wakafundishwa adabu na sala, na walipotoka wakapokewa kanisani kwa shangwe. Wazee wengine walinung'unika kwamba hilo si jando kamili, na katika unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Lakini tazameni tofauti yake na habari ya kirore. Huko mtu aliletewa karatasi, huku aliulizwa kwanza, "Una haja gani?"

Njia ya pili ilitokea Gahini, katika nchi ya Rwanda. Blasio Kigozi, Mganda aliyesimamia shule ya wainjilisti huko, alihuzunishwa na ubaridi wa kanisa, akakusudia kuinena habari hiyo mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda. Akafariki Januari 1936 kabla ya kuinena. Walakini neno lake, Zukuka, maana yake Amka, likaenea. Uamsho ule ulifika Uganda, Kenya, Buhaya na nchi nyingine. Watu waliokaa mbali kwa aibu walirudi, kwa kuwa walikuta watu wanaokiri makosa yao wazi wazi, mzee mbele ya kijana, na Mzungu mbele ya Mwafrika, na kurudisha vitu vya wizi. Mwenye haya haingii kwa urahisi katika nyumba ya watu wasiokosa. Huingia katika nyumba ya wakosaji wenziwe. Ni kweli ya kuwa wengine katika uamsho ule walijivuna, wakawahesabu wenzao kuwa hawajaokoka, na kwa hiyo wakawafukuza watu upya. Dawa nayo ina kipimo chake.

Kabla ya kumaliza, tuwape mfano mmoja wa Mafia. Katika bahari ya Kilindoni huonekana papa potwe, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote wa dunia, naye ni mpole. Huonekana sana kati ya Oktoba na Machi, kisha haonekani. Ilikuwa rahisi kudhani ya kuwa amehama. Lakini wataalamu waliwafunga papa hao vyombo vidogo vya kutoa sauti, wakaweka vingine baharini vya kuisikia sauti hiyo, na mwaka 2015 wakatangaza waliyoyaona: wengi wao hubaki katika bahari ya Mafia mwaka mzima. Hawajaenda po pote. Wameshuka chini zaidi na kusogea mbali kidogo na pwani, mahali ambapo jicho la mtu wa chomboni halifiki. Na aliyewatambua ni yule aliyetega sikio.

Basi, yatupasa nini? Kwanza, tusimhesabu mtu kuwa amepotea kwa sababu hatumwoni. Pili, asipoonekana mara mbili, na aendewe; na aendaye asichukue daftari la sadaka, achukue swali moja tu: "Hujambo?" Tatu, arudipo, apewe kazi siku ile ile, hata ikiwa ni kusoma au kupanga viti, maana mgeni asiye na kazi hukaa karibu na mlango. Na wewe uliyetoka, twakuomba neno moja: usingoje kama tulivyongoja sisi. Kidonda kinachofichwa hakipati mganga.

Tuliporudi kutoka Mafia tulikwenda nyumbani kwa mzee yule aliyesoma jina letu. Tukamweleza yote. Akainama, akasema, "Mwalimu, mbona hukuniambia?" Tukamjibu, "Mzee, mbona hukutuuliza?" Tukanyamaza wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki yake na kosa lake. Kisha akaondoka akatuletea kiti. Jumapili iliyofuata tuliketi ubao mmoja.